Hodi Katika Blogu ya Marehemu Mshonaji

Jumatatu, tarehe 4 Februari mwaka 2019, blogu ambayo jina lake kamili lilikuwa Chumba cha Mshonaji: Mitindo, Vipimo na Maongezi ilianza kupata mgeni asiyeondoka. Iliandikwa na binti mmoja, fundi cherehani, aliyefariki kwa homa tarehe 17 Novemba ya mwaka uliotangulia, na tangu hapo mama yake ndiye aliyeitunza. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya mlango. Mgeni akiugusa, ilihesabiwa kuwa amebisha hodi, na sauti ya marehemu ikamjibu, "Karibu ndani." Sauti hiyo haikubaki mahali pengine popote duniani.

Blogu ilikaa kwenye seva ya kampuni ya kuhifadhi tovuti, pamoja na tovuti za watu wengine, mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na bomba moja la maji. Siku hiyo bomba lilikauka kwa wote: tovuti zao zikawa hazifunguki. Fundi wa seva, mtu mzima mwenye mizaha yake, alimpigia mama simu akamweleza kwamba blogu ya marehemu ilikuwa ikila chakula cha nyumba nzima na bado ikilamba sufuria. Wapangaji wenzake walikuwa wakilalamika, na mkurugenzi wa kampuni alikwisha kuamuru: mzigo ambao blogu inaitwisha seva usipopungua kufikia adhuhuri ya Ijumaa, blogu yote ifutwe.

Mama alifika ofisini asubuhi ya Ijumaa hiyo, tarehe 8, macho yamevimba. Fundi alikuwa amekwisha kuzuia roboti zinazopekua kurasa, amepunguza ukubwa wa picha na kung'oa mapambo yasiyo ya lazima. Kila mara mzigo ulishuka, kisha ukapanda tena. Aliuliza kwa nini hapakuwekwa nakala tayari za kurasa, ili seva isiwe inapika upya kila anapofika mgeni. Mama akajibu kwamba yeye ndiye aliyekataza, mara tu baada ya mazishi.

"Mwanangu hakuwahi kumpa mgeni kiporo," alisema.

Fundi alitabasamu, akaziweka nakala hizo mwenyewe. Kurasa zote zikatulia isipokuwa ule mlango, ambao ulikataa kunakiliwa. Hodi ziliendelea kumiminika, na kutoka chumba cha mitambo ikaanza kuja harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu, ingawa jengo zima halikuwa na pasi. Fundi akatafuta anwani ya mgeni aliyekuwa akibisha. Alipoipata, mizaha ikamwisha.

"Mama," alinong'ona, "anayebisha hodi hatoki nje. Yumo humu humu ndani ya seva."

"Ni nani?"

"Sijui. Tangu msiba, mashine hii imemwitikia kila aliyebisha, bila kuuliza ni nani. Kuna aliyekaribishwa, akakaa."

Palikuwa na njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa kuiondoa sauti. Mama aliomba kwanza inakiliwe kwenye simu yake, na fundi akanakili, lakini walipoifungua nakala ile walisikia mvuke wa pasi tu, ukivuta na kuachia kama pumzi ya mtu aliyelala. Saa ya ukutani ilikaribia adhuhuri. Mama alinyoosha kidole kuelekea kitufe cha kufuta, akakirudisha, akakinyoosha tena, na huku feni za mitambo zikinguruma na ile harufu ikizidi kuwa nzito hadi macho yao wote wawili yakatoka machozi, spika ndogo ya mezani ilifunguka pasipo mtu kuigusa, na sauti ya binti yake, laini kama alivyozoea kuisikia kila asubuhi, ikasema, "Mama, usinitoe."

"Si yeye," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Unamjua mwanangu kuliko mimi?"

"Simjui, mama yangu. Ninachojua ni kwamba hilo neno halikurekodiwa."

Mama alifumba macho, akabonyeza. Feni zikanyamaza. Mzigo ukashuka, tovuti za wapangaji wengine zikafunguka, na blogu ikasalimika, ikiwa bubu. Mama alilia kama aliyezika kwa mara ya pili, kisha akaenda nyumbani kwa miguu kwenye jua kali.

Jirani yake husimulia kwamba jini alimfuata mama huyo hadi nyumbani, akabisha hodi, na mama kwa uchungu wake akamkaribisha. Usimulizi huo una kosa. Aliyebisha hodi ni mama mwenyewe, mlangoni pake, kwa mazoea ya miaka aliyoishi na bintiye. Nyumba ilikuwa imefungwa na haikuwa na mtu. Harufu ya pasi ilimfikia akiwa bado kizingitini, na sauti ile ile ya bintiye ikamjibu kutoka ndani, "Karibu."

Naye akaingia.