Sisimizi Hawakuigusa Chupa ya Bluu

Sisimizi hawakuwepo.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokigundua, jamani, kabla ya mengine yote mtakayosoma hapa.

Kila Jumamosi, kabla dada hajaanza kuchanganya vinywaji vyake, kazi yangu ilikuwa kuipangusa ile chupa ya bluu. Pombe ya humo ni tamu kama asali. Shingo ya chupa inanata, kizibo kinagoma kufunguka, na sisimizi wanapanga foleni kuanzia dirishani mpaka kwenye lebo.

Siku hiyo dada alinitangulia kuifungua, na nilipoishika hakuwepo hata mmoja!

Shingo ilikuwa kavu. Kizibo kilizunguka kirahisi, kama cha chupa ya maji.

Nikainua uso nimuulize dada. Nikakuta ameshamimina, ameshatikisa, ameshaweka na kipande cha limau ukingoni. Glasi iko mkononi, bluu inang'aa.

"Kwa afya zetu, mashoga!"

Nikaiangalia tena ile chupa...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilishtuka vile.

Mimi ni mtu wa kukaa kimya. Shule niliachia njiani, na maneno kwangu huwa yanachelewa. Nikishayapata, watu wameshahamia habari nyingine. Kwa hiyo nyumbani wananiita Kimya. Naishi na dada yangu, ambaye ni msusi, na mume wake, ambaye ni fundi samani. Nawapikia, nawafulia, na wao wananitunza vizuri. Sina malalamiko.

Dada alianza mambo ya vinywaji kwa kuangalia video kwenye simu. Mwanzoni tulimcheka! Hakuwa na vyombo vyovyote. Kutikisia, alitumia chupa tupu ya jamu yenye mfuniko. Kuchujia, kichujio cha chai. Barafu niliifunga kwenye taulo nikaiponda kwa kijiti cha kusukumia chapati. Mimi ndiye niliyepika sharubati ya sukari, nikajifunza kuitoa motoni kabla haijageuka rangi. Mara ya kwanza dada alitikisa mfuniko ukaruka, pombe yote ikaishia kwenye pazia.

"Basi pazia limelewa," shemeji akasema. "Lipelekeni likalale."

Lakini tulijifunza. Tulijua kwamba majani ya mnanaa hayasagwi, yanapigwa kofi kidogo tu mkononi ili yatoe harufu. Tulijua chumvi haishiki kwenye ukingo wa glasi mpaka uupitishie limau kwanza. Mimi pombe sinywi, kwa hiyo dada alinitengenezea yangu ya limau, mnanaa na soda, kwenye glasi nzuri kama ya wakubwa. Jumamosi ikawa siku yangu niipendayo kuliko zote.

Sasa, mkiwa watu wa maneno machache mtanielewa. Mtu asiyesema, kila mtu anampa siri zake.

Siri ya kwanza ni ya Mama Pacha, rafiki wa dada, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Jumamosi iliyotangulia, dada alitoka kuanua nguo. Mama Pacha akainua ile chupa ya bluu akaimaliza yote, hivi hivi, bila barafu wala limau.

"Kimya, hujaona kitu, sawa?"

Nikatikisa kichwa. Sijaona kitu.

Siri ya pili ni ya shemeji. Jumanne alinikuta naosha vyombo, chupa tupu iko pembeni.

"Shemeji, hiyo niachie mimi. Ioshe vizuri unipe. Na usimwambie dada yako."

Nikaiosha, nikampa. Kesho yake nikamwona stoo akiijaza spiriti, ile ya bluu anayochanganyia vanishi. Akaniona mlangoni.

"Usije ukaigusa hii. Mtu akinywa, kama hakufa, anapofuka."

Siri ya tatu haikuwa siri, niliisikia ukutani. Alhamisi waligombana. Shemeji alikuwa amechoka, amerudi na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Meza nzima chupa! Mimi nitakula wapi? Haya machupa yako yatakuja kukuua siku moja!"

"Acha yaniue! Angalau nitakufa nimeburudika!"

Mlango ukabamizwa. Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Haya, turudi Jumamosi. Shemeji yuko nje uani, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Chupa niliyoiosha kwa mikono yangu, tupu, sasa iko mezani. Imejaa nusu. Haina sisimizi. Mama Pacha yuko pembeni na glasi yake, anadhani dada amenunua nyingine.

Na dada anaipeleka glasi mdomoni!

Kwa nini asisikie harufu? Kwa sababu pua yake imeshakufa kwa dawa za nywele. Unaweza kumpitishia moshi akakwambia ni uturi. Na juu yake kuna limau, kuna mnanaa, kuna sukari.

Nilitaka kusema, "Dada, usinywe."

Neno halikutoka.

Nilifungua mdomo, nikavuta pumzi, hakuna. Nilikuwa kama mtu anayeota anakimbizwa na miguu imegoma.

Nikampiga mkono.

Paaa! Glasi ikagonga ukuta, ikavunjika.

"WEWE! Una wazimu?"

Nikaonyesha chupa kwa kidole.

"Chupa imefanya nini? Mbona huongei? Glasi yangu mpya!"

"Shoga, Kimya kalewa soda," Mama Pacha akacheka. "Mimi nakunywa yangu mapema kabla hajanifikia."

Akainua glasi. Akapiga funda!

Hapo ndipo kitu kikapasuka ndani yangu. Sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani.

"TEMA! NI SPIRITI! TEMA!"

Mama Pacha alitoa macho. Halafu akatema yote, kwenye zulia, kwenye gauni lake, kwenye sahani ya karanga. Nikambeba karibu mzimamzima mpaka kwenye sinki, nikamfungulia bomba.

"Sukutua! Usimeze! Sukutua tena!"

"Midomo inawaka! Watoto wangu! Pacha wangu wataachwa na nani?"

Dada alinusa chupa kwa karibu kabisa, pua ndani. Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Spiriti... imeingiaje humu?"

Wakati huohuo mlango ulifunguka.

Alikuwa shemeji.

Amesimama pale, kitambaa cha vanishi begani, anaangalia vioo sakafuni, anaangalia chupa. Halafu akaniangalia mimi. Macho yale sitayasahau. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jokofu. Nilishika kisu cha kukatia limau, jamani. Nakiri. Nilikishika.

"Nani ameitoa hii chupa stoo?" akauliza, sauti ndogo. "Kimya? Ni wewe?"

Kumbe na yeye alinishuku mimi! Kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichokuwa ndani.

"Ni mimi!" dada akafoka. "Asubuhi nimeingia stoo kutafuta ufagio, nikaikuta nyuma ya sanduku lako la zana. Umenifichia kinywaji changu kama mtoto mdogo! Nikairudisha mezani makusudi, nione sura yako ukiikuta!"

"Umekunywa?"

"Nilikuwa nakunywa, huyu akanipiga mkono."

"Umekunywa hata kidogo? Niambie!"

"Hapana."

Shemeji akakaa chini. Pale pale, sakafuni, katikati ya vioo. Mwanaume mzima, akashika kichwa akaanza kulia.

Tulimpeleka Mama Pacha zahanati. Muuguzi akamwangalia macho, akasema kwa kuwa alitema mapema ana bahati, lakini abaki pale mpaka watakapojiridhisha. Tulikaa naye. Kila baada ya muda alikuwa ananyoosha mkono wake mwenyewe mbele ya uso.

"Shoga, hivi ni vidole vitano?"

"Ni vitano."

"Na wewe bado una sura mbaya?"

"Bado."

"Basi naona vizuri."

Tuliporudi, shemeji alitupeleka stoo. Akavuta shuka lililokuwa ukutani. Chini yake palikuwa na kabati dogo la mbao, limeng'arishwa mpaka unajiona. Ndani kuna tundu la kila chupa ya dada. Tundu kubwa kuliko yote, katikati, lilikuwa la chupa ya bluu.

"Niliichukua nipime tundu," akasema. "Halafu chombo changu cha spiriti kikatoboka, nikasema niitumie hii mpaka nimalize kung'arisha. Ilikuwa uione leo jioni. Nilichoka kuona meza imejaa, na nilijua hutaacha."

Dada akaingiza mkono kwenye tundu la katikati. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa Kimya.

Ndugu msomaji, nakuomba kitu kimoja. Nenda kaangalie nyumbani kwako sasa hivi. Kama kuna mafuta ya taa, dawa ya kufulia, spiriti au chochote kwenye chupa iliyowahi kuwa ya kinywaji, kihamishe leo. Kwetu spiriti iko kwenye dumu jekundu, na shemeji amechora fuvu juu yake ili hata asiyejua kusoma aelewe. Dada anasema fuvu limetoka kama picha ya pasipoti ya shemeji.

Na kama watu wanakupa siri kwa sababu husemi, zipime. Siri zangu mbili zilikuwa ndogo, kila moja peke yake. Zilipokaa kwenye meza moja, nusura zimzike dada yangu.

Tumerudia vinywaji vyetu. Siku hizi mimi ndiye natikisa. Kile changu cha limau na mnanaa dada amekipa jina: Tema. Na kabla ya kuigusa chupa yoyote tamu, natafuta sisimizi kwanza. Nikiwaona nafurahi kama nimeona wageni.

Sasa la mwisho.

Usiku ule shemeji aliniuliza, "Ulipoiona ile chupa mezani, ulifikiri nani ameiweka pale?"

Nikamjibu, "Sikufikiri chochote."

Shemeji, najua unausoma ukurasa huu. Wewe ndiye uliyeninunulia hii simu ninayoandikia.

Nilifikiri ni wewe. Nilifikiri unamuua dada yangu. Na neno liligoma kutoka si kwa sababu mimi ni Kimya. Liligoma kwa sababu niliogopa kwamba nikilisema, utanisikia.