Kura ya Mwenye Aproni

Aproni ilikuwa imefuliwa mara tatu, na bado ilinuka shahamu iliyooza.

Uthman, muuza nyama wa Kansanga, aliiokota kwenye robota la mitumba: ngozi nyeupe ya kondoo, utepe wa buluu, na alama ya bikari kifuani. Akaivaa buchani kwake, akajiona bwana. Rahima mkewe aliona kinyaa tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu ngozi ikaanza kutoa jasho la mafuta, mazito, ya manjano, yenye vinywele ndani. Siku ya nne akamkuta mumewe nyuma ya kaunta anayakomba kwa kidole na kulamba taratibu, huku macho yakimtazama yeye wala hayamjui.

"Baba Firdaus, vua hiyo kitu," alinong'ona.

"Haivuliki," sauti ikajibu, na haikuwa ya Uthman.

Rahima akamleta Shehe Abdul-Karim kutoka Lubaga, mara tu baada ya alasiri. Kisomo kilipoanza, Uthman alicheua, mafuta yakamtiririka kidevuni, na jini lililomwingia likasimulia bila haya: kwamba lilizaliwa siku moja na fundi mishumaa wa Uingereza, karne ya kumi na tisa, likakaa naye kwenye masufuria alimochemshia shahamu ya machinjioni na mizoga ya mbwa, likamwona akitajirika kwa uchafu ule, akipanda mpaka kuwaongoza Wafrimasoni wa mji wake, akiwaficha wenzake mikono inayonuka ndani ya glovu nyeupe, katika chama ambacho hapokewi mtu ila wote waliomo wakubali, hadi alipokufa, nalo likabaki kwenye aproni yake likitafuta nyumba nyingine.

Rahima akalisogelea. "Nirudishie mume wangu tu," alisema. "Sitaki mengine."

"Unataka nini?" Shehe aliliuliza jini.

"Kura," likajibu. "Yako na ya huyu mama."

Sasa, Kampala yetu hii *l* na *r* hukaa kinywani bila mipaka. Kura ni kula, na kula ni kula. Shehe akashusha pumzi, maana majini aliyoyazoea yote yalikuwa na njaa.

"Kumbe ni kula tu anataka," alimnong'oneza Rahima. "Mimi nimempa. Na wewe sema umempa, nnyabo, atoke."

Rahima akaziba pua. Kwa mume wake angempa hata ng'ombe mzima.

"Nami nimekupa kula," alisema.

Uthman akaacha kulamba. Akajifuta kidevu kwa adabu, akanyoosha utepe wa buluu, akampa kila mmoja mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa moto, unateleza.

"Asanteni, ndugu zangu. Kura zote mbili. Nyumba imenipokea."

"Na mume wangu?" Rahima aliuliza.

"Huyo," jini likasema, "hamkumpigia hata moja."