Diski Sita za Nangina

Saa 3:10 asubuhi.

Phanuel alikusanya simu zote kwenye karai na kulisukuma chini ya kiti chake. Chumba cha nyuma cha duka la spea pale Malaba kilinuka grisi.

"Diski sita," alisema. "Kituo cha utafiti, Busia. Vipimo vya damu vya watoto wa Nangina, miaka mitatu. Kuna mtu anataka akuwe nazo peke yake."

"Si wanazipandisha kwa klaudi, huko mtandaoni?" aliuliza Osukuku, mwenye bastola.

"Tangu Jumanne. Hiyo programu ni sugu. Ukikata waya, inangoja. Waya ukirudi, inaendelea pale iliachia. Inamaliza saa nane. Sisi tunang'oa diski saa sita, walinzi wakikula."

"Na zile zimeshafika huko?"

"Vipande tu. Nusu ya gari utaendesha?"

Okwakol, dereva wao, aligusa mfuko wa shati. Mfukoni alikuwa na kadi ya utafiti ya binti yake Brendah, nambari 0417. Mtoto alikuwa kitandani nyumbani, dawa zimemshinda, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba jibu litatoka kwenye vipimo hivyo. Okwakol aliwachukia wote mle ndani, na kujichukia yeye zaidi. Lakini mtu wa mwisho kumwacha Phanuel aliokotwa akiwa maiti kwenye miwa.

Saa 5:20.

"Mbona umeingia foleni ya matrela?" Phanuel alifoka.

"Kule kwingine kuna polisi, boss."

Hakukuwa na polisi hata mmoja. Trela mbele, trela nyuma, turnboi, wasaidizi wa madereva, wamelala kando ya magurudumu. Okwakol alishika usukani na kuomba foleni isisonge.

Saa 7:45.

Kwenye chumba cha kompyuta cha kituo, walinzi wakiwa wamefungwa kamba getini, Wilkista, fundi wa data, alipiga magoti mikono juu. Kwenye skrini: mia kwa mia.

"Tumechelewa!" Osukuku alitukana.

Okwakol alikaribia kucheka kwa furaha. Kisha akaona mstari wa chini: *Inahakiki faili*. Phanuel naye aliuona.

"Hiyo ni nini, wewe mama?"

Wilkista aliangalia pembeni. Osukuku akamwekea bastola shingoni.

"Inalinganisha," alisema. "Faili ya hapa na ya kule, moja moja. Ikiwa kuna iliyoharibika njiani, inatumwa tena kutoka kwa hizi diski."

Phanuel alikuwa amevusha magendo miaka ishirini. Alitabasamu.

"Kwa hivyo lori limepita geti, lakini karatasi haijagongwa muhuri. Osukuku, ng'oa."

Okwakol alimrukia Osukuku. Risasi ikalia. Alihisi moto tumboni, lakini alimsukuma nje pamoja na Phanuel, akaubamiza mlango wa chuma na kuuegemea kwa mgongo. Haukuwa na komeo kwa ndani.

Saa 7:52.

"Okwakol! Nitakuchinja na ukoo wako!" Phanuel alinguruma kutoka nje.

Mlango uliruka. Miguu yake iliteleza kwenye damu yake mwenyewe.

"Dada," alisema. "Sufuri nne moja saba. Niangalilie."

Wilkista aliandika haraka. "Bado... Bado... Sasa. Iko sawa. Ni wako?"

"Ni wangu."

Angeweza kulala hapo. Mwili wote ulitaka kulala. Nje, Osukuku alikuwa ameleta nondo na kuiingiza kwenye ufa.

"Zimebaki ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

Okwakol alifikiria akina mama waliopanga laini pamoja naye siku ya kutolewa damu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Aliteleza akaketi, akakanyaga ukuta wa mbele wa kichumba hicho chembamba kwa miguu yote miwili na kusukuma.

"Tisini," alisema Wilkista, akilia. "Arobaini. Mzee, shikilia. Kumi na moja."

Nondo ilipenya ikamchoma begani. Alipiga kelele, hakusogea.

"Zimeisha," alisema Wilkista. "Zote."

Okwakol aliachia mlango.