Jicho la Kushoto

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na darasa lilinuka unga uliochacha. Wanafunzi walikuwa wanaendelea kutengeneza nyuso za karatasi, kipindi cha tatu sasa. Kila mmoja alifunika mgongo wa bakuli kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye gundi ya unga. Walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Ni umri wa kucheka kila kitu na kuumizwa na kila kitu.

Mwalimu wao alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa sanaa alipohamishwa, mwalimu mkuu alimwambia, "Kipindi cha sanaa chukua wewe. Si ni kuchorachora tu?" Akakichukua. Akaingia nacho darasani kama anavyoingia na hesabu: rula mkononi, kalamu nyekundu mfukoni. Wanafunzi walimwita Rula. Alijua, wala hakukasirika. Rula imenyooka.

Ubaoni alichora uso mmoja. Macho kwenye mstari mmoja, pua katikati, mdomo chini.

"Huu ndio uso," alisema. "Fuateni vipimo."

Nyuma, karibu na dirisha bovu, alikaa msichana aliyeitwa Chiriku. Jina hilo alipewa zamani, alipokuwa anaongea bila kupumzika kutoka darasani mpaka getini. Tangu mama yake afariki, alikuwa haongei. Wenzake waliendelea kumwita Chiriku kwa mazoea tu, kama watu wanavyoita kisima kisima hata kikikauka.

Lakini siku hiyo Chiriku alikuwa anaongea. Kidogo, kwa sauti ya chini, akimwonyesha jirani yake jinsi kope inavyolala. Rula alisikia mnong'ono, akaenda.

"Mnapiga soga gani huku?"

"Namwonyesha jicho, Mwalimu."

Rula aliutazama ule uso. Jicho la kulia lilikuwa wazi. La kushoto lilikuwa limefumba nusu.

"Hili umelikosea. Lete."

"Mwalimu, hilo..."

"Lete nikusaidie."

Aliweka rula juu ya uso. Akaikata kope kwa wembe. Akasokota karatasi mbichi, akajaza, akafinyanga, mpaka jicho la kushoto likalingana na la kulia. Kisha akauinua uso juu, darasa zima lione.

"Mnaona? Sasa amekuwa mtu!"

"Alikuwa anatukonyeza, Mwalimu!" alidakia mvulana wa mbele, mchekeshaji wa darasa.

Wote wakaangua kicheko. Chiriku hakulia. Alifuta gundi vidoleni, kidole kimoja kimoja, kwenye sketi yake. Baada ya hapo hakusema neno.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kupaka rangi. Chiriku alikaa amekunja mikono mwanzo mpaka mwisho. Kengele ilipolia, alikuja mbele akauweka ule uso juu ya meza ya mwalimu.

"Mbona hujapaka rangi?"

"Ni wako, Mwalimu."

"Wangu kivipi? Unaniletea jeuri?"

"Hapana, Mwalimu. Umeutengeneza wewe."

Akatoka.

Rula aliondoka na ule uso mpaka nyumbani. Alikuwa anaishi na dada yake mkubwa. Dada huyo alifundisha sanaa miaka mingi, mpaka macho yake yalipoanza kuzima. Sasa aliona mwanga na vivuli tu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umevaa buti za hasira. Nimekusikia tangu barabarani."

Rula alimsimulia kisa chote cha jeuri ya msichana. Kisha akamwekea ule uso mapajani. "Haya, pima mwenyewe. Kuna kosa gani hapo?"

Vidole vya dada vilianza safari yake. Vilipita kwenye kipaji cha uso, vikateremka puani, vikazunguka shavu. Vilipofika kwenye jicho la kushoto, vikasimama.

"Uso huu umetengenezwa na watu wawili," alisema.

"Umejuaje?"

"Huku karatasi ni nyembamba. Zimelazwa mojamoja, na kila tabaka limesubiriwa likauke kabla ya lingine. Aliyefanya hivi hakuwa na haraka. Halafu hapa..." Akabonyeza, kidole kikazama. "Hapa kuna donge bichi. Mtu amekuja mbio, amelisukumiza, ameondoka. Hebu nusa."

Rula akanusa. Ilikuwa harufu ya kuvu.

"Ni wewe, mdogo wangu?"

"Nilimsaidia. Macho yalikuwa hayalingani."

"Macho ya nani?"

"Ya nani kivipi?"

"Nakuuliza, uso huu ni wa nani?"

Rula hakujua. Hakuwa ameuliza.

"Sikiliza," alisema dada. "Hesabu ina jibu moja. Mtoto akilikosa, unamwonyesha. Sanaa haina majibu nyuma ya kitabu. Watoto wa umri huu wanaficha mambo yao kama wezi. Mmoja akikuwekea la moyoni mezani, wewe unatoa wembe? Usiweke mkono wako kwenye kazi ya mwanafunzi. Ukitaka kumfundisha kitu, chukua karatasi yako, mwonyeshe kwenye yako. Na kabla hujasema vizuri au vibaya, mwambie 'nieleze'. Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo utakapotoka jasho."

"Na kama kweli kuna kosa?"

"Gundi nyepesi kama maji ni kosa. Karatasi mbichi juu ya mbichi ni kosa, itaoza. Hayo sema, yanafundishika. Lakini anachokiona yeye, wewe hukioni."

Alisema hivyo mwanamke asiyeona.

Kesho yake baada ya masomo, alikwenda kwa baba yake Chiriku, fundi wa magodoro. Alimkuta anashona, vipande vya sponji vimemjaa nyweleni. Rula alitoa ule uso kwenye mfuko. Fundi aliushika, akaugeuzia kwenye mwanga.

"Huyu ni mama yake," alisema. "Ila hili jicho..."

"Lina nini?"

"Marehemu alipooza upande mmoja. Mwaka wake wa mwisho jicho la kushoto lilikuwa halifunguki vizuri. Picha tulizonazo zote ni za kabla ya hapo. Mtoto akaniambia, baba, naanza kulisahau jicho la mama. Ndiyo akawa anatengeneza." Akainua kichwa. "Nani amelifungua?"

"Mimi."

Fundi alirudisha macho kwenye godoro lake.

"Madaktari walijaribu wakashindwa, Mwalimu," alisema, akauweka uso kando, akaendelea kushona.

Kipindi kilichofuata Rula aliingia bila kalamu nyekundu. Alifuta ule uso wa ubaoni. Kisha akasimama mbele ya darasa, na sauti yake haikunyooka kama kawaida.

"Nilisema jicho la mwenzenu limekosewa. Aliyekosea ni mimi. Nikasababisha mmcheke. Chiriku, nisamehe."

Chiriku alitazama dirishani.

"Sasa tufuate uso gani, Mwalimu?" aliuliza mchekeshaji.

"Wa mtu unayemjua wewe. Mimi simwoni, unamwona wewe."

Akachukua bakuli lake mwenyewe, akaanza pamoja nao. Aliwaonyesha kuchana karatasi kwa mkono, kukoroga gundi nzito, kulaza tabaka jembamba, kuanika, kusubiri. Uso wake ulitoka vibaya.

"Mwalimu, huyo ni binadamu au kiazi?"

"Nieleze unachokiona."

"Naona kiazi, Mwalimu."

Darasa likacheka, na Rula akacheka. Chiriku hakucheka.

Uso wa kwanza haukupona. Kuvu lilitoka kwenye donge la jicho, likala shavu, likafika mdomoni. Chiriku mwenyewe aliupeleka shimo la taka, na hakutaka kusindikizwa.

Vipindi vilipita. Siku moja, bila kuambiwa, alichukua bakuli. Alifanya kazi kimya mpaka akafika kwenye jicho la kushoto. Hapo mkono wake ukasita. Rula alimsogelea. Vidole vyake vilimwasha, akavitia mfukoni.

"Nieleze," alisema.

Kimya. Mvua juu ya bati. Rula alitamani kusema kitu, chochote. Jasho likamtoka. Akanyamaza.

"Asubuhi lilikuwa linafumba zaidi," alisema Chiriku. "Akicheka ndiyo linafunguka kidogo. Sijui nitengeneze la asubuhi au la akicheka."

"Unaona lipi?"

Akafikiri. "La akicheka," alisema, akachovya karatasi.

Siku ya wazazi nyuso zilipangwa ukutani, na hakuna mbili zilizofanana. Fundi wa magodoro alisimama mbele ya mmoja.

"Ni yeye?" aliuliza Chiriku.

"Ni yeye."

"Ule wa kwanza ulikuwa yeye zaidi, baba. Huu kuna mahali nimeshasahau."

Rula alikuwa karibu, akasikia. Hapo hapakuwa na cha kurekebisha.

Fundi alinyoosha kidole taratibu kuelekea jicho la kushoto.

"Usiguse, baba!" alisema Chiriku. "Jicho nimelirudia jana. Bado bichi."

Baba akarudisha mkono. Wakatoka. Rula aliwatazama kutoka dirisha bovu wakivuka uwanja wenye matope. Msichana alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi tabaka linavyolazwa juu ya tabaka, na hakunyamaza mpaka getini.