Vifaranga wa Jogoo wa Kwanza

Katika banda la mizigo la uwanja wa ndege kila mtu alikuwa amechoka, hata feni. Watu walikaa juu ya maboksi wakisubiri kuitwa na karani mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. Manyoya, jina alilobandikwa na majirani kwa kazi yake ya kuagiza kuku wa rangi adimu kutoka ng'ambo, alikuwa ameinamia kreti yake. Shati lake lilipigwa pasi mbele tu. Ndani ya kreti jogoo mmoja wa rangi ya majivu alikuwa amesimama, na mitetea wawili wa rangi hiyohiyo walikuwa wamekwisha kufa.

"Pole, kaka," ilisema sauti ya kike. "Ni joto?"

"Joto, safari, na bahati yangu. Chagua mwenyewe, dada."

Mwanamke huyo alikuwa nesi, aliyetumwa kuchukua dawa za zahanati. Sare yake nyeupe ilikuwa na mikunjo ya zamu nzima. Kilemba cha kijani alikifunga harakaharaka, lakini kilimpendeza, na Manyoya, pamoja na msiba wake, alikiona.

"Mimi ninao mitetea watatu wa rangi hiyo," Nesi alisema.

"Kila mtu ananiambia hivyo. Nikifika naonyeshwa kuku aliyejigaragaza jivuni."

Nesi hakubishana. Alitoa simu, akamwonyesha picha. Manyoya aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Wako wapi hawa?"

"Juu ya paa la ghorofa ninakoishi. Mume niliyekuwa naye aliondoka na begi moja. Akaniachia kuku, jogoo mwekundu na mtoto."

"Kwa mpangilio huo?"

"Kaka, nimechoka. Usinichekeshe."

Akacheka hata hivyo.

Jogoo wa majivu alipandishwa ngazi mpaka paani awe na mitetea wa Nesi, na yule mwekundu akapewa jirani siku hiyohiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Binti wa Nesi, wa darasa la pili, alimfunga uzi wa bluu asije akaruka. Manyoya akawa anakuja kila jioni kumwangalia jogoo wake, na haikupita muda majirani wakaacha kuamini kwamba anachokiangalia ni jogoo. Asipokuja, alipiga simu.

"Wamekula?"

"Nani? Kuku au mimi?"

"Anza na wewe, laazizi."

"Nimekula mkate nikiwa nimesimama. Kuku wako wana maisha mazuri kuliko mimi."

"Nikuletee chakula basi, na wewe unenepe."

"Nenda zako huko."

Nesi alimpenda. Jambo hilo lilimchosha, maana kupenda nako ni kazi, na yeye kazi alikuwa nazo za kutosha.

Manyoya kwa upande wake alikuwa na haraka. Wateja walimkaba kwa simu, na aliwaza kwamba jogoo huyu mmoja akimharibikia, biashara imekwisha. Mayai ya kwanza yalipotagwa tu aliyakusanya, akayaweka kwenye mashine ya kutotolesha iliyokaa jikoni kwa Nesi, kando ya jiko. Yalipoanguliwa, vifaranga wawili walikuwa wa majivu. Wengine wote walikuwa wa kahawia, wenye michirizi mgongoni.

"Hawa wametoka wapi?" Manyoya aliuliza.

"Kwenye mayai, nadhani."

"Sitanii. Hii ni damu ya yule mwekundu. Umemruhusu arudi huku juu."

"Nimemruhusu nani?"

"Jogoo. Au yule aliyekuachia jogoo. Nitajuaje anayekuja hapa nikiwa sipo?"

Nesi aliweka chini kikombe alichokuwa anakiosha. Mwanamume mwenye akili angeishia hapo, lakini ulimi hauna mfupa.

"Wawili hawa tutawalea," Manyoya aliendelea. "Hao wengine waondoe, hawana faida. Siwezi kulisha vifaranga wa jogoo wa watu."

Mlangoni alikuwa amesimama binti, bado na sare ya shule, kifaranga wa kahawia mikononi. Manyoya alikuwa amempa mgongo. Nesi alimwona.

"Toka," alisema taratibu.

"Tuzungumze kwanza."

"Nimesema toka. Jogoo wako utatuma mtu amchukue."

Hakutuma mtu, kwa kiburi. Baadaye akapiga simu, na haikupokelewa. Aliendelea kulala vibaya na kula vibaya, akijiambia kwamba yeye ndiye aliyeonewa, mpaka asubuhi moja mteja, mama mtu mzima, alipompigia.

"Nimebadilisha jogoo, mwanangu. Mayai ya kutotolesha nianze kukusanya sasa?"

"Usithubutu, mama. Mtetea hubeba mbegu ya jogoo wa kwanza hata wiki tatu. Subiri iishe, la sivyo..."

Aliwakumbuka vifaranga wa kahawia.

"Haloo? La sivyo nini?"

"La sivyo utamtukana mtu bure, mama."

Mganga hajigangi. Kanuni ile aliwafundisha watu kila siku, na kwa haraka zake aliiruka mwenyewe. Alinunua mfuko wa chakula cha vifaranga, akaubeba begani mpaka paani.

Alimkuta Nesi ametoka zamu, miguu kwenye beseni la maji ya moto, kilemba kimeanikwa kwenye kamba. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

"Nimekuja kuomba radhi," Manyoya alisema. "Hukumruhusu mtu. Mayai niliyakusanya mapema, mbegu ya yule mwekundu ilikuwa haijaisha. Huchukua wiki tatu. Kosa ni langu."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Wagonjwa wananitukana tangu asubuhi na dawa nawapa. Hilo la kunishuku lingepita. Si hilo."

"Lipi basi?"

"Mwanangu aliniuliza kama yeye naye ni wa jogoo wa watu."

Manyoya aliutua mfuko. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nilikuwa na mtu kabla yako," Nesi alisema. "Yangu haiishi kwa wiki tatu, bwana. Yangu ina miaka saba na inasoma darasa la pili."

"Nesi, mimi..."

"Usiniambie mimi."

Binti alikuwa upande wa pili wa paa, amechuchumaa kando ya boksi la vifaranga. Manyoya akachuchumaa karibu yake.

"Shikamoo," binti alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Wanaendeleaje?"

"Hawa hawana faida."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Nilisema. Nilisema vibaya, na nilikuumiza. Nimewaletea chakula. Nataka kuwajengea banda hapa, ukinikubalia."

"La wale wawili?"

"La wote."

Binti alimgeukia. "Na mama umemwomba?"

"Mama nina jambo lake kubwa la kumwomba. Lakini nimeambiwa nianze na wewe."

Binti aliingiza mkono kwenye boksi, akamtoa mmoja wa kahawia, akamweka kwenye viganja vya Manyoya.

"Usimbane. Na usiwe na haraka, huyu ni mwoga."

Manyoya alikaa vilevile, viganja wazi, akiogopa hata kukohoa. Nyuma yake alisikia maji ya beseni yakimwagwa, kisha nyayo zilizolowa zikija polepole.

"Nimechoka," Nesi alisema. "Jambo lako hilo usiniombe leo."

"Nije lini?"

"Kesho. Uje na misumari."