Ampuli za Doña Primitiva

Maiti ya Doña Primitiva ilikuwa imeuma ncha ya blanketi. Ilibidi meno yaachanishwe kwa kijiko.

"Saratani ya mifupa," alisema Doña Casta, jirani aliyewadunga sindano wagonjwa wa mtaa mzima. "Lakini sikukuita kwa ajili ya saratani, Inspekta. Nimemdunga mofini siku mbili, ampuli nne. Amekufa akilia kama asiyepewa kitu."

Inspekta Zulma Arispe alifungua kopo la biskuti. Juu ya pamba zilibaki ampuli tatu, vichupa vya kioo vilivyofungwa kwa moto. Moja ilikuwa na shingo ndefu, laini. Mbili zilikuwa fupi, kila moja na tone la kioo kichwani, kama chozi lililoganda.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa marehemu Abundio, nyumba ya kona. Hospitali ilimruhusu akafie kwake, ikampa na dawa. Alipokufa, mkewe akanipa, nikazileta hapa. Cochabamba hatutupi ampuli za marehemu, zinakwenda kwa mgonjwa anayefuata. Wewe ungezimwaga?"

"Shingo za ampuli ulizivunjia wapi?"

"Jikoni. Don Eleuterio, mume wa Primitiva, hawezi kutazama sindano. Mwanamume mzima."

Zulma alipeleka mbili maabara, ndefu na fupi. Alasiri mkemia wa polisi akapiga simu. Ndefu, mofini. Fupi, maji matupu.

Aliporudi msibani, Don Eleuterio alikuwa akiwapa waombolezaji api, uji wa mahindi ya zambarau. Aliinua sufuria motoni kwa mikono mitupu, wala hakukunja uso.

"Mzee, huungui?"

"Vidole vilikufa zamani, mwanangu. Miaka thelathini kiwandani nikifunga ampuli kwa moto. Kiwanda kilipokufa nacho, hospitali ikaniweka stoo ya dawa."

Zulma akamwomba waingie chumbani. Akafunga mlango. Akamwekea ampuli fupi iliyobaki kiganjani.

"Nani kaifunga hii?"

Mzee aliigeuza mara moja tu. Fundi hasahau mkono wake.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Walimpa Primitiva ampuli moja kwa siku. Maumivu yake yalitaka nne. Nikawa nayeyusha ncha za ampuli za stoo, natoa dawa, natia maji, nafunga tena. Idadi haikupungua hata moja." Alisema bila kuinua macho. "Mwezi uliopita wakanihamishia getini. Nikakosa. Mke wangu akawa anatafuna mto. Juzi Casta akaja na kopo, nikampigia magoti. Nikasema Mungu hamtupi mja wake."

"Kopo la Abundio."

"La Abundio, ndiyo."

"Na hospitali ilimpa Abundio ampuli za stoo ipi, mzee?"

Don Eleuterio aliketi taratibu pembeni mwa kitanda, na ampuli bado kiganjani.

"Abundio naye alilia?" mzee aliuliza.

"Mkewe anasema siku nne."

Nje mtu alikuwa akiomba api zaidi. Zulma alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Baada ya kila sindano nilimshika mkono," mzee alisema. "Nikamwambia, vumilia, mama, dawa imeshaingia, sasa hivi utalala. Aliniamini, Inspekta. Alifumba macho, akangoja."