Vidole Viwili vya Kanda

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika saba jioni, alipoingia kwa fundi redio kuchukua mashine ya kurekodia kanda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza muziki kwa kompyuta, na wimbo aliokuwa nao mezani ulikuwa safi mno, hauna roho. Alitaka sauti iyumbe, izame kidogo na kuibuka, kama kanda kuukuu iliyosahauliwa juani.

Fundi aliifuta mashine vumbi. Kisha akainama, akanong'ona.

"Dada, rekodi vyombo. Watu waache."

"Kwa nini?"

"Aliyeileta hakurudi. Alikuja mkewe... akaniandikia kwenye karatasi kwamba niiuze. Hakufungua mdomo."

Dada alitabasamu kwa adabu, akalipa, akaondoka. Mafundi nao kwa vituko!

Nyumbani alimkuta mdogo wake akijinoa kwa usaili wa utangazaji, kesho yake saa tatu asubuhi. Miaka miwili binti huyo alikuwa akiisubiri nafasi hiyo.

"Njoo useme chochote hapa," akamwambia, akiiwasha mashine irekodi.

"Utanipa nini, bosi?"

"Nitakupikia."

"Afadhali nife njaa." Lakini alisogea, akakohoa kidogo. "Habari za jioni, mpenzi msikilizaji. Ni mimi..." Akataja jina lake kamili, kwa madaha, kisha akarudi jikoni kuosha vyombo, akiyarudia maneno yaleyale.

Dada mtu akaicheza kanda. Akagusa gurudumu lake kwa kidole gumba, kidogo tu. Sauti ikazama. Ilikuwa tamu ajabu.

Na kule jikoni, sauti ikazama.

Akaondoa kidole. Ikanyooka.

Mashine ilianza kunuka nywele zilizoungua. Yeye hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa mara moja. Akaligusa tena gurudumu, akaandika sekunde daftarini. Akaligusa tena. Mara tatu, na mara zote tatu jikoni kuliitikia.

Ndipo ikasikika... krrr... krrrk.

Kanda imeliwa, imenasa ndani ya mashine.

Jikoni, kimya. Maji ya bomba tu.

Alimkuta mdogo wake amesimama na sahani mkononi, mdomo wazi. Hapepesi. Hapumui.

Dada akarudi chumbani, akaichomoa kanda kwenye meno ya mashine, akachomeka penseli kwenye tundu lake, akaizungusha. Taratibu... taratibu...

Sahani ikagonga beseni.

"...ni mimi," sauti ikaendelea, kama vile haikukatika. Kisha likaja jina, likadidimia kama mtu anayetumbukia kisimani.

Aliikagua kanda chini ya taa. Ilikuwa imekunjamana mahali pamoja tu, upana wa vidole viwili.

Palipokuwa na jina.

Asubuhi mdogo wake alisimama mlangoni, viatu vinang'aa, macho mekundu.

"Dada, mbona jina langu linaniangusha? Mengine yote nayasema. Wataanza na hilohilo, unajua?"

"Kunywa maji ya moto," akamjibu.

Saa tatu kasoro dakika nne dada alishika wembe. Akakata pale palipokunjamana, akaunga ncha mbili kwa seloteipu, bila pengo, bila mkunjo.

Saa nne kasorobo simu iliita.

"Dada, wamenichukua! Sauti imenyooka kama rula!"

"Na jina? Ulilitaja vizuri?"

Kwa mbali, watu walikuwa wakicheka.

"Jina gani, dada?"

Alikata simu. Akachukua kalamu, akaanza kuandika jina la mdogo wake juu ya kasha la kanda, kwa herufi kubwa, haraka haraka, maana herufi ya mwisho ilikuwa imekwisha kumponyoka kichwani.